Gitaa la pili lilie kama la kwanza: anza na bisibisi

Una gitaa la umeme ambalo sauti yake unaipenda, na unalo jingine unalotaka lilie vilevile. Usikimbilie kununua pikapu mpya, yaani kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Mara nyingi tofauti unayoisikia inatokana na umbali kati ya pikapu na nyuzi, au inatokana na poti (vidhibiti vilivyo chini ya nobu za volyumu na toni), na yote mawili yanarekebishika.

Hatua ya 1: Weka usawa. Funga nyuzi mpya za unene mmoja kwenye magitaa yote mawili, tumia kebo ileile (kebo ndefu hula makali ya sauti) na amplifaya ileile, nobu za gitaa zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Rekodi kipande kimoja kifupi kwa kila gitaa, bila efekti yoyote. Sikio husahau upesi.

Hatua ya 2: Tambua aina. Pikapu ya koili moja ina sauti angavu, lakini huvuma. Hambaka, ambayo Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliibuni mwaka 1955, ina koili mbili zinazofuta mvumo huo, na sauti yake ni nene zaidi. Kama magitaa yako yanatofautiana hapa, lenga kukaribia tu.

Hatua ya 3: Umbali. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Bana uzi wa sita (ule mnene kuliko yote) kwenye freti ya mwisho, pima kwa rula ya milimita nafasi iliyopo kati ya uzi na sumaku, kisha fanya hivyo kwa uzi wa kwanza. Andika namba za gitaa unalolipenda, zihamishie kwenye la pili, halafu acha rula na usikilize. Geuza skrubu inayopandisha na kushusha pikapu robo mzunguko, piga, sikiliza, geuza tena. Pikapu ikisogea karibu, sauti hupanda na kukaza. Ikizidi, hasa ya koili moja, sumaku huvuta nyuzi, na noti za juu kwenye nyuzi nene huyumba kana kwamba gitaa halijatuniwa. Gitaa langu moja lilikuwa na besi ya matope. Nilishusha upande wa besi mizunguko miwili, matope yakaisha, na pikapu niliyokuwa nimepanga kuinunua sikuinunua tena.

Hatua ya 4: Poti. Kwa kawaida koili moja huwekewa poti za kiloomu 250, hambaka 500. Poti ndogo hupunguza makali. Kama gitaa unalolipenda lina 250 na la pili lina 500, lehemu rezista ya kiloomu 500 kati ya miguu miwili ya pembeni ya poti ya volyumu: kwa pamoja zinakuwa 250. Kinyume chake hakuna njia ya mkato, badilisha poti. Kapasita ya toni huisikii sana mpaka ufunge nobu yake.

Hatua ya 5: Sasa fikiria pikapu. Usiichague kwa namba ya omu (ukinzani wa waya wake) peke yake, kwa sababu waya mwembamba huipandisha hata kama mizunguko haijaongezeka. Linganisha pia aina ya sumaku, alniko au seramiki, na induktansi (kipimo cha koili kinachoathiri makali ya sauti). Angalia na mahali pikapu ilipo na urefu wa nyuzi: gitaa la Stratocaster lina nyuzi za milimita 648 kutoka nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwisho wa shingo) hadi daraja, la Les Paul kama 628, na tofauti hiyo haiondolewi na pikapu yoyote.

Rekodi tena kile kipande. Unapolinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti za rekodi hizo mbili, kwa sababu ile yenye sauti kubwa itakuvutia hata kama si yenyewe.