Jinsi ya kujua kama nafuu ya mgonjwa ni ya kweli

Nafanya fiziotherapia hapa Moshi. Wagonjwa wangu wengi ni akina mama wa mlimani, magoti yamechoka kwa kupanda na kushuka na mizigo ya majani ya ng'ombe. Mmoja wao, wa Kiboriloni, nilimwandikia kwenye faili "anaendelea vizuri" kwa sababu kipimo cha kutembea dakika sita kilitoka mita 310 hadi 325. Kumbe nyumbani bado alikuwa anamlipa kijana amletee majani. Iliniuma, na tangu hapo nafanya hivi.

Kwanza nakikagua kipimo chenyewe. Siku ya kwanza mama yule alitembea na kandambili, ya pili akaja na raba, tena akiwa ameshajua ninachotaka. Mtu akirudia zoezi hili huenda mbali zaidi kwa kulizoea tu. Kwa hiyo mpime mara mbili siku ya mwanzo, apumzike katikati, uchukue matokeo makubwa. Koridoo iwe ileile ya mita 30, viatu vilevile, maneno ya kumhimiza yaleyale. Na saa ileile ikiwezekana, maana aliyeshinda amesimama soko la Mbuyuni hatembei kama alivyotembea asubuhi.

Halafu jua kipimo chako kinayumba kiasi gani. Chukua wagonjwa ambao hali yao haijabadilika, wapime, rudia baada ya siku chache, uandike tofauti ya kila mmoja. Tafuta mkengeuko sanifu wa tofauti hizo (standard deviation, yaani namba inayoonyesha zimetawanyika kiasi gani kutoka wastani wake), uzidishe kwa 1.96. Ukipata mkengeuko wa mita 10, badiliko la mtu mmoja lisilofika mita 20 usiliapie. Zile mita 15 zangu zingeanguka hapo hapo.

Lakini badiliko linaweza kuvuka myumbo huo na bado mgonjwa asione tofauti yoyote. Mwaka 1989 watafiti Jaeschke, Singer na Guyatt walieleza kiwango kingine: badiliko dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe analiona lina faida. Hili hulipati kwa kikokotoo peke yake, lazima umuulize. Mimi nauliza kabla sijafungua faili: "Mama, tangu tuanze, goti limezidi kuwa baya, liko vilevile, lina nafuu kidogo, au nafuu kubwa?" Ukishakuwa na wagonjwa wengi, wastani wa badiliko la wale waliosema "nafuu kidogo" ndio unaokuonyesha kiwango chako.

Hapa pana mtego. Watu wetu wana adabu. Ukimuuliza mama wa miaka 65 anaendeleaje atakujibu "naendelea vizuri, mwanangu," asikuvunje moyo. Tena wengi hawakumbuki vizuri walikuwaje miezi miwili iliyopita, wanajibu kwa jinsi goti lilivyoamka leo. Dawa yake ni kuandika siku ya kwanza, kwa maneno yake, kazi moja inayomshinda. Baadaye msomee, kisha uulize habari za kazi hiyo.

Kwa maumivu ya muda mrefu yanayopimwa kwa alama 0 hadi 10, utafiti wa Farrar na wenzake wa 2001 ulipata kwamba nafuu yenye maana ni kupungua kwa alama 2 hivi, au asilimia 30. Usishike alama peke yake. Kutoka 8 hadi 6 ni alama mbili, lakini ni asilimia 25 tu. Kutoka 4 hadi 2 ni nusu nzima. Na mita 30 za kutembea zinazotajwa sana zilipatikana kwa wenye maradhi sugu ya mapafu, usizihamishie kwenye magoti hivi hivi.

Mama wa Kiboriloni alipofika wiki ya kumi alitembea mita 361. Nilihesabu kuanzia 325, maana 310 ilikuwa ya kandambili. Kabla sijamwambia namba nilimuuliza habari za majani. "Naleta mwenyewe," akasema, "ila nusu mzigo." Maneno hayo niliyaandika kwenye faili juu ya namba.