Kuandika Ujumbe wa Mfumo kwa Kumjali Msomaji
Kabla ya kuandika ujumbe utakaotumwa na mfumo wa kompyuta, jiulize msomaji atakuwa katika hali gani atakapoupokea, kwa maana taarifa ya malipo yaliyokataliwa huenda ikamfikia mtu ambaye tayari ana wasiwasi. Anza na jambo analotaka kulijua kwanza, yaani kama fedha zake ziko salama. Kisha eleza kilichotokea bila kumlaumu: badala ya "Umekosea namba ya siri", andika "Namba hiyo ya siri haikukubaliwa, tafadhali jaribu tena." Katika habari mbaya, kwa maoni yangu, alama za mshangao ziondolewe kabisa. Mwonyeshe hatua moja ya kuchukua na, zaidi ya yote, namba ya simu inayopokelewa na binadamu.