Kufunga sola kwenye mabati: toboa mgongoni, si bondeni

Mnaofunga sola hapa Nairobi kabla ya masika ya Machi, sikieni hili. Bati halibebi kitu, mzigo unabebwa na mbao zilizo chini yake. Fuata mstari wa misumari ya paa, hapo ndipo ubao ulipo, na unapotembea juu kanyaga papo hapo. Skrubu ya mguu wa paneli ipite kwenye mgongo wa bati, maana maji hukimbilia bondeni. Iwe na washa ya mpira, yaani kipete cha kuzuia maji chini ya kichwa cha skrubu, na usiikaze kupita kiasi: mpira ukianza kufura pembeni, acha. Ukiendelea utaupasua, au bati jembamba la geji 30 litabonyea na kutuamisha maji. Silikoni, ile gundi ya kuziba matundu, ni nyongeza tu. Fundi anayemaliza tyubu nzima bila washa anakuuzia uvujaji wa mwakani.

Halafu fagia vichembe vya chuma vilivyotoka kwenye drili, vyote. Vikilala juu vinapata umande na kushika kutu, na madoa yake huharibu hata bati jipya la rangi. Chini ya paneli acha sentimita 10 hivi za hewa, kwani paneli ikichemka umeme hupungua.