Kabla hujampa wakala wa Kanada hata shilingi

Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma: fotokopi, picha za pasipoti, kuskani. Siku hizi wanakuja wengi wanaoombewa ukaazi Kanada na mke au mume aliyehamishiwa huko kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Karibu kila mmoja ana "mtu anayemshughulikia". Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akienda Kibirizi kununua dagaa, hanunui mpaka ashike, anuse, aonje. Pasipoti anamkabidhi asiyemjua.

Anza na leseni. Sheria ya Kanada inataka anayelipwa kukuwakilisha awe mwanachama wa chama cha wanasheria cha jimbo la huko, au notari wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, chombo kilichoanza kazi Novemba 2021. Asiyekuwemo humo ni kishoka, hata kama ofisi yake Dar ina kiyoyozi. Shemeji yako au mchungaji anaruhusiwa kukusaidia, mradi halipwi.

Kuhakiki ni bure. Ingia kwenye tovuti ya College, tafuta jina lake au namba yake, ile inayoanza na herufi R. Ukikuta pameandikwa Suspended (amesimamishwa) au Revoked (amefutiwa leseni), rudisha pochi mfukoni. Ukikuta jina liko safi, bado usilipe, maana vishoka huazima majina ya watu halali. Chukua mawasiliano yaliyo kwenye orodha hiyo, siyo namba aliyokupa yeye, umuulize mwenye jina kama kweli anakufahamu.

Kisha kuna fomu IMM 5476, ya kumteua mwakilishi. Anayelipwa anatakiwa ajitaje hapo pamoja na namba yake ya uanachama. Akikwambia "mimi sitajiandika, nitakusaidia kimyakimya", umeshapata jibu lako. Usisaini karatasi tupu. Dai mkataba wa maandishi wenye kazi atakayofanya na bei yake, risiti kila unapolipa, na nakala ya kila kilichotumwa. Barua pepe kwenye maombi usikubali iwe yake peke yake. Nimeona watu wakipitwa na barua za kuitwa alama za vidole kwa sababu zilikwenda kwa mtu asiyepokea tena simu.

La watoto linaniuma zaidi. Wapo mawakala wanaomwambia mama, "Huyu wa kwanza usimtaje, utamwita baadaye." Kwa kanuni za Kanada, mtoto ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa kwenye maombi yako, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Tena ukibainika umedanganya, unaweza kufungiwa kuingia Kanada kwa miaka 5. Anayefungiwa ni wewe uliyesaini. Taja wote, hata anayelelewa na bibi Kasulu.

Anayedai ana mtu wake ubalozini ni wa kuagwa tu. Mwenye wakala hapewi kipaumbele.

Kama umeshaingia mkenge, badilisha neno la siri la akaunti ya maombi yako, jaza IMM 5476 sehemu ya kufuta uwakilishi, uitume kwa idara ya uhamiaji ya Kanada, kisha umshtaki kwa College. Inapokea malalamiko hata ya wasio na leseni. Fomu ni bure kwenye tovuti ya serikali yao. Mimi nachaji ya kuprinti tu.