Kutumia "nail-biter" kwenye sentensi za Kiingereza
Hili ni jina la tukio linalowaweka watu roho juu hadi mwisho, na linaandikwa kwa kistari. Mechi ya uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, ikifika penalti, andika: "The match was a nail-biter." Ikiisha 4-0, halifai kabisa. Wengi husahau ile "a", kwa kuwa Kiswahili hakina kitu cha aina hiyo. Bila yake sentensi ni mbovu.

Usiandike "I was a nail-biter": hapo umesema ulikuwa na tabia ya kung'ata kucha!

Ukitaka kueleza mnada wa korosho ambao bei imesubiriwa kwa presha, tumia "nail-biting": "It was a nail-biting auction." Kwenye barua ya ofisi, weka "tense".