Usiguse sshd_config, ongeza faili lako
Seva yetu iko Goma, mimi niko Bukavu, naiingia kwa SSH (njia ya kuendesha kompyuta ya mbali); sshd_config ndilo faili kuu la mipangilio yake. Nikijifungia nje ni kupanda boti kuvuka Kivu. Kwa hiyo mabadiliko yangu yote naweka /etc/ssh/sshd_config.d/10-yangu.conf, halafu `sudo sshd -t` (hukagua mipangilio) kabla ya kuwasha upya huduma. Ikikaa kimya, maandishi ni sawa. Hiyo 10 ina kazi: SSH inashika thamani ya kwanza inayoikuta, na mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina, basi 50-cloud-init.conf (faili ambalo seva nyingi za wingu huja nalo) hainipindui. Njia hii haifai kwenye OpenSSH (programu ya SSH) ya kabla ya 8.2 (2020), wala pale mstari wa Include, unaoita mafaili ya sshd_config.d, umefutwa. Na -t haitakuzuia kuzima kuingia kwa nywila kabla hujaweka ufunguo wa SSH. Usifunge muunganisho wa kwanza mpaka wa pili ukubali.