Somo: Kupanga kitabu cha anwani kwenye Thunderbird ili usimwandikie Hamisi asiyehusika

Fungua Thunderbird, ile programu ya barua pepe, uandike "ham" kwenye sehemu ya mpokeaji uone. Watakuja akina Hamisi wote: wa stoo, wa benki, yule aliyewahi kukuuzia toneri, na Hamida wa bodi juu yake. Anayetokea wa kwanza si lazima awe unayemtaka, kwa sababu programu humpandisha yule unayemwandikia mara nyingi. Mwenye haraka anabonyeza Enter, na orodha ya mishahara inaishia kwa muuza toneri.

Wengi wakichoshwa na hali hii hukimbilia kutengeneza makundi. Mimi nasema makundi yasubiri. Kama majina yenyewe yamesajiliwa ovyo, hata ndani ya kundi hutajua nani ni nani. Kwa hiyo tutaanza na usafi, tuje kwenye majina, ndipo tuunde orodha, yaani hayo makundi yenyewe.

Somo hili ni la Thunderbird ya kwenye kompyuta, toleo la 102 lililotoka mwaka 2022 na yaliyofuata. Hapo ndipo kitabu cha anwani kilifumuliwa na kuundwa upya, hivyo mwenye toleo la zamani ataona vitu vimekaa tofauti. Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: Weka nakala ya akiba

Bonyeza Ctrl+Shift+B. Kushoto utaona vitabu viwili angalau. Personal Address Book ni chako. Collected Addresses programu hujijazia yenyewe kila unapomwandikia mtu ambaye hayumo kwenye vitabu vyako. Bofya kulia juu ya jina la kitabu, chagua Export, hifadhi faili. Rudia kwa kitabu cha pili. Weka faili hizo kwenye flashi, tuendelee.

Hatua ya 2: Safisha Collected Addresses

Hiki ndicho chanzo cha matatizo mengi, na watu wengi hawajui hata kama kipo. Ukiwahi kukosea herufi moja, ukaandika "gmial" badala ya "gmail", barua ilirudi lakini anwani ile mbovu ilibaki humu, na kila ukianza kuliandika jina la yule mtu inajitokeza tena kana kwamba ni halali. Humo pia wamo waliostaafu, waliohama ofisi, na zile anwani za mashine zisizopokea majibu.

Badili mwonekano uwe wa jedwali kwa kitufe kidogo kilicho juu ya orodha ya majina, kisha bofya kichwa cha safu ya anwani za barua pepe ili zijipange kialfabeti. Pitia moja moja. Anayestahili kubaki, mburute hadi Personal Address Book. Wengine futa bila huruma.

Ukitaka programu isikusanye tena, nenda Settings, kisha Composition, utafute sehemu ya Addressing, uondoe tiki kwenye mstari unaosema anwani unazoziandikia ziongezwe zenyewe. Mimi siizimi. Anayewaandikia wateja wapya kila siku atajutia kuizima. Anayewaandikia watu walewale mwaka mzima, azime tu.

Hatua ya 3: Majina

Hapa usiwe na haraka.

Majina yetu yanageuzana. Ofisi moja inaweza kuwa na Juma Hamisi na Hamisi Juma, na wote wawili ni watu wazima wenye vyeo vyao. Ongeza alama ya kumtambulisha mtu mwishoni mwa jina la kuonekana, ile sehemu ya Display Name: "Hamisi Juma - Stoo", "Juma Hamisi - Uhasibu". Faida yake si ya macho tu. Thunderbird hutafuta hata katikati ya jina, kwa hiyo ukiandika "stoo" anakuja Hamisi wa stoo peke yake, na ukiandika "uhas" wanakuja wahasibu wote kwa mkupuo. Umeshapata nusu ya faida ya kundi kabla hujaunda kundi lolote.

Vyeo visitangulie. Ukiandika "Mwl. Rehema", "Mwl. Joseph", "Mwl. Zuhura", walimu wote wanarundikana kwenye M na kumpata mmoja ni kazi. Bi, Dkt. na Mhandisi hivyo hivyo. Cheo kina nafasi yake chini kwenye fomu, panapojazwa habari za taasisi.

Kama ulileta majina kutoka kwenye simu, jiandae kucheka kidogo. Utakuta "Baba Asha Laini Mpya", "Fundi Bomba Mbezi", "Huyu Usipokee". Kwenye simu hayana madhara kwa sababu unayaona wewe tu. Kwenye barua pepe ni habari nyingine: jina uliloliandika kwenye Display Name husafiri pamoja na barua, likatokea kwenye mstari wa mpokeaji, na mwenyewe analisoma. Ukimsajili mtu "Mdaiwa Sugu", siku ukimtumia ankara ataona umemwita Mdaiwa Sugu, na uliowanakilia wataona pia.

Majina ya siri ya namna hiyo yaweke kwenye Nickname. Sehemu hii haiendi na barua, ila inatafutwa. Mpe Hamisi wa stoo "hs", mpe mwenyekiti "mk". Ukiandika herufi hizo mbili tu, anatangulia yeye, hata kama kuna mwingine unayemwandikia zaidi. Wape njia hii ya mkato watu wako wa kila siku tu. Ukiwapa wote utazisahau.

Mtu mwenye anwani mbili, ya kazi na ya binafsi, asisajiliwe mara mbili. Fungua kadi yake, yaani ile fomu yenye taarifa zake, ongeza anwani ya pili, kisha uteue ipi ndiyo kuu.

Hatua ya 4: Vitabu na orodha

Vitu hivi viwili huchanganywa sana. Kitabu ni mahali kadi za watu zinapokaa. Orodha iko ndani ya kitabu, nayo inaelekeza tu kwenye kadi hizo. Ukibadilisha anwani ya mtu kwenye kadi yake, orodha zote alizomo zinapata anwani mpya, hurudii kazi.

Ushauri wangu: vitabu viwe vichache. Kimoja cha kazi na kimoja cha nyumbani vinatosha. Orodha ndizo ziwe nyingi. Bofya New List, chagua kitabu, ipe jina, kisha waburute watu ndani. Jina la orodha lianze na neno ambalo mtu hawezi kuwa nalo, kwa mfano "Kundi Bodi", "Kundi Wazabuni", "Kundi Wazazi Kidato 2". Hapo ukiandika "kundi" zinashuka zote, unachagua.

Hatua ya 5: Kuchagua wapokeaji

Ukiwa unaandika barua, bonyeza F9. Kitabu cha anwani kitafunguka pembeni. Teua mtu mmoja, au shikilia Ctrl uteue kadhaa, kisha uwapeleke To (mlengwa), Cc (nakala ya wazi) au Bcc (nakala ya siri, ambayo wapokeaji wengine hawaioni). Uliyemweka pasipo pake unamburuta tu kumhamishia mstari mwingine. Orodha nayo inawekwa hivyo hivyo, na ukitaka kumtoa mtu mmoja kwa barua ya leo tu, bofya kulia juu ya jina la orodha, chagua Expand List, majina yatatawanyika, umtoe.

Hatua ya 6: Bcc

Orodha haifichi mtu. Ukiiweka kwenye To, inafunguka wakati wa kutuma na kila mpokeaji anaona anwani za wenzake wote. Kwa bodi ya watu saba wanaofahamiana, sawa. Kwa wazazi wa darasa zima au wazabuni wanaoshindania kazi moja, hapana. Ukiwaweka wengi kwenye To au Cc, kwa kawaida kuanzia 15, Thunderbird yenyewe hutoa onyo chini ya dirisha na kukupa kitufe cha kuwahamishia Bcc. Usilipuuze. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi.

Kwenye To jiandike mwenyewe, kundi lote liwe Bcc. Kama unatumia akaunti ya bure ya Gmail, kumbuka ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku.

Anayefungua Gmail kwenye kivinjari bila Thunderbird anaweza kufanya karibu haya yote kwenye Google Contacts. Huko makundi yanaitwa lebo: wateue watu, wape lebo, na ukiandika jina la lebo kwenye To watajaa wenyewe. Habari ya majina ni ileile.

MASWALI YA WANACHAMA

Katibu muhtasi, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Nilimtoa mjumbe mmoja kwenye orodha ya Bodi kwa kuwa muda wake umeisha. Sasa simwoni hata kwenye kitabu, na bado namhitaji kwa mambo mengine.

Marahaba. Ulimfuta ukiwa umefungua kitabu, hukuwa ndani ya orodha. Ukimfuta mtu ukiwa kwenye kitabu, kadi inaondoka na anatoka kwenye orodha zake zote. Ukibofya kwanza jina la orodha upande wa kushoto ndipo ukamtoa, anatoka kwenye orodha hiyo tu. Mrudishe kwa kuingiza ile faili ya Hatua ya 1, ila iingize kwenye kitabu kipya cha muda, umburute yeye peke yake, kisha ufute kitabu hicho. Ukiiingiza juu ya kitabu chako utapata kila mtu mara mbili.

Mwanachama, Mombasa: Asalaam aleikum. Nimeunganisha Google na Thunderbird, watu wote wamekuja vizuri lakini lebo zangu sizioni.

Waaleikum salaam. Hutaziona. Muunganisho huo huleta kadi za watu, lebo hazigeuki kuwa orodha. Na ndani ya kitabu kilichounganishwa kwa njia hiyo huwezi kuunda orodha ya Thunderbird. Wanakili unaowahitaji kwenye Personal Address Book, uunde orodha huko. Kasoro yake ni kwamba ukibadilisha anwani upande wa Google, nakala hii haibadiliki. Kama makundi yako hubadilika kila wiki, baki na lebo, utumie kivinjari kwa barua za makundi.

Mwalimu wa taaluma, Songea: Nina jedwali la Excel lenye wazazi 80. Niwaandike mmoja mmoja?

Usijitese, mwalimu mwenzangu. Mstari wa kwanza uwe na vichwa vya safu, kisha hifadhi kwa aina ya CSV UTF-8, yaani jedwali la maandishi matupu. Thunderbird, bofya Import, chagua faili, itakuuliza safu ipi iende sehemu ipi. Jihadhari na namba za simu: Excel hula sifuri ya mwanzo, 0754 ikawa 754. Igeuze safu hiyo kuwa ya maandishi kabla hujazijaza namba. Kama sifuri zimeshaliwa, zirudishe kwenye Excel kwanza, usisubiri ziingie kwenye kadi 80.

Mhasibu, Arusha: Kaka, mtu niliyemweka Bcc akibonyeza Reply All, wenzake wa Bcc watapata jibu lake?

Hawapati. Programu yake haina anwani zao, kwa hiyo jibu linakuja kwako na kwa walioandikwa To na Cc. Hatari iko kwingine. Tuseme umemwandikia mteja kwenye To na bosi ukamweka Bcc kimyakimya. Bosi akijibu kwa wote, mteja anajua kuwa bosi alikuwa anasoma. Kwa jambo nyeti, tuma kwanza, kisha msambazie bosi nakala peke yake.

Mwanachama, Mwanza: Mbona mnajichosha? Si mfungue kundi la WhatsApp?

Fungueni. Ila siku mkaguzi akitaka kuona mwaliko wa kikao cha bodi ulitumwa lini na kwa nani, utapekua meseji za heri ya siku ya kuzaliwa mpaka jioni.

Katibu muhtasi, Dodoma: Nimempata mjumbe wangu, ahsante sana. Mwezi ujao napewa kompyuta mpya. Orodha zitahama?

Kwa faili za majina za aina ya CSV au vCard hazihami, zinahama kadi tu. Kwako wewe nenda Tools, kisha Export, programu itafunga kila kitu kwenye faili moja la ZIP: barua, vitabu, orodha na mipangilio. Kwenye kompyuta mpya sakinisha Thunderbird, nenda Tools, Import, uielekeze kwenye faili hilo. Njia hii ina kikomo cha GB 2. Barua zako zikizidi hapo, fungua Help, kisha Troubleshooting Information, utaona mahali ilipo folda ya Profile, ile inayobeba barua, vitabu na mipangilio yako. Funga programu kabisa, kisha nakili folda hiyo nzima kwenye diski ya nje.

Mwanachama, Tanga: Na kwenye simu je? Nimepakua Thunderbird ya Android lakini "Kundi Bodi" halitokei.

Ya Android, iliyotoka Oktoba 2024, husoma majina yaliyo kwenye simu yako, haina habari na kitabu cha kwenye kompyuta. Kwa hiyo barua za makundi zitume ukiwa mezani. Ila majina ya simu yarekebishe nayo, uanze na huyo "Usipokee".